Bega la Bi Subiri

Kampuni ile ya malori ilikuwa na simu mbili za mezani na mtu mmoja wa kuzipokea. Simu nyeusi ilikuwa ya madereva, ya rangi ya maziwa ilikuwa ya wateja, na zote mbili zilikuwa na tabia ya kulia kwa pamoja, utadhani zimepeana miadi. Mwanamke aliyezipokea alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka ishirini na sita ya kukaa kwenye kiti kile alikuwa amesema "subiri kidogo" mara nyingi kuliko alivyowahi kutaja jina lake. Madereva wakambandika jina la Bi Subiri. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, na mwishowe hata dada yake, aliyekaa naye nyumba moja, akawa anamwita hivyo hivyo kila akitaka kumchokoza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkono wa kulia uliandika kwenye daftari la safari: lori gani, limebeba nini, linakwenda wapi. Mkono wa kushoto ulilikandamiza daftari, maana meza ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi, ukiweka kalamu inajiendea zake mpaka chini. Sasa simu ishikwe na nani? Ikashikwa na bega. Alilipandisha bega la kushoto, akalilazia sikio, na simu ikakaa hapo katikati kutwa nzima. Mgeni akiingia ofisini alimkuta kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza kitu kilichomo ndani ya kwapa lake.

Na hata simu zikiwa kimya, kichwa hakikurudi. Siku aliyokwenda kupigwa picha ya kitambulisho, mpiga picha alimwambia, "Mama, nyoosha kichwa."

"Nimenyoosha."

"Basi nyoosha tena."

Akanyoosha tena. Kitambulisho kilipotoka bado alikuwa anamchungulia mtu kwa upande.

Mambo ya fidla yalianzia kwenye simu ile ya wateja. Mwenye kiwanda kidogo cha samani alipiga kuagiza lori, na alipoulizwa mzigo una uzito gani akajibu, "Subiri kidogo, mama, nitafute karatasi." Bi Subiri alishtuka, akatabasamu peke yake. Mtu yule akaiweka simu mezani kwake bila kuikata, na humo ndani ya sikio ikaanza kusikika sauti. Mwanzoni alidhani ni mtu anaimba huku amefumba mdomo. Ilikuwa inapanda polepole, inakaa, inashuka, na ilikuwa haina haraka hata kidogo. Simu nyeusi ikalia. Hakuipokea. Ikalia tena mpaka ikachoka.

Mwenye samani aliporudi, Bi Subiri alimwuliza, "Samahani, baba, hiyo sauti ni ya nini?"

"Sauti ipi? Aa, hiyo! Binti yangu na fidla yake, anatupasua vichwa hapa. Tani mbili na nusu, mama. Umeandika?"

Aliandika. Lakini siku ile alirudi nyumbani akiwa mzito. Alikuwa amechoka tangu miaka mingi, uchovu wa watu wanaokaa, ambao hauna jasho la kuuonyesha na kwa hiyo hakuna anayekuambia pole. Sauti za watu zilikuwa zimepita kwake robo ya karne, na zote zilikuwa zinamtafuta mtu mwingine. Niunganishe na meneja. Yupo fundi? Mwambie dereva. Hakuna aliyewahi kupiga simu ile akimtafuta yeye. Akajikuta anataka jambo moja tu kabla ya kustaafu: kutoa sauti yake mwenyewe, isiyopitishwa kwa mtu mwingine.

Nyuma ya maktaba ya mtaa palikuwa na ukumbi, na kwenye mlango wa ukumbi palikuwa na tangazo. Fidla kwa watu wazima, wiki kumi na mbili, Jumatano na Jumamosi jioni. Fidla za ukumbi zilikuwa sita tu. Mwisho wa wiki kumi na mbili, anayesimama na kushika inavyotakiwa angepewa fidla akae nayo nyumbani mwaka mzima aendelee kujifunza. Asiyeweza angeirudisha kwenye kabati, apewe mwingine nafasi. Waliokuwa wanangoja nafasi walikuwa kumi na tisa.

"Unatafuta nini, mdogo wangu?" dada yake alimwuliza. Dada huyu alikuwa mkunga mstaafu, mwenye mikono mikubwa na maneno makali. "Umri huu wenzako wanatafuta miwani."

"Miwani ninayo."

"Basi vaa ujitazame."

 Jumatano ile Bi Subiri akaenda.

Mwalimu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka thelathini na kitu, ambaye hakupandisha sauti kamwe. Siku ya kwanza aliwapanga wanafunzi wake sita katikati ya ukumbi, akawaambia, "Leo hatupigi. Leo tunasimama."

"Mwalimu, kusimama mimi nimekusomea," akasema kinyozi mmoja mwenye kitambi, ambaye kweli alisimama kutwa akinyoa watu. Wakacheka.

Mwalimu naye alicheka, kisha akawasimamisha. Miguu iachane kidogo, magoti yasikazwe, uzito ugawanywe pande zote mbili. Walisimama hivyo mpaka mmoja akaanza kupiga miayo. Ndipo akawapa fidla, akawaonyesha pa kuiweka: sehemu ya nyuma ya fidla juu ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega, kichwa kigeuke kushoto kidogo tu, kidevu kishuke chenyewe. Mkono wa kushoto uitegemeze shingo ya fidla bila kuikaba.

Fidla za wenzake ziliteleza. Ya kinyozi ilimponyoka akaidaka tumboni, na mwenyewe akasema kitambi kumbe kina kazi. Bi Subiri, kwa upande wake, aliiweka yake begani, akainamisha kichwa, akaibana, kisha akaachia mikono yote miwili. Fidla ikabaki pale pale chini ya taya lake, imenyooka, haitikisiki. Mikono yake ilikuwa inaning'inia haina kazi.

Ukumbi ukashangilia. "Huyu amezaliwa nayo!" kinyozi akapiga kelele. "Mama, ulikuwa wapi siku zote?"

Mwalimu hakushangilia. Alizunguka nyuma yake, akaweka kidole kimoja juu ya lile bega la kushoto, akakibonyeza.

"Hapa pana jiwe," akasema taratibu. "Mama yangu, unafanya kazi gani?"

"Napokea simu."

"Nilijua. Hii si fidla uliyoshika. Umeshika simu."

Wenzake wakavunjika mbavu, na Bi Subiri akacheka pamoja nao, lakini alihisi joto linampanda masikioni. Sifa zilikuwa zimedumu muda wa kumeza mate.

Baada ya somo mwalimu alimwita pembeni. Alikunja ukosi wa blauzi yake, akamwonyesha kovu dogo karibu na shingo. "Mimi nilijifunza kwa kubana," akasema. "Nilikuwa na bidii, nabana saa nne kwa siku. Nikafika mahali siwezi kushika kitana kujichana. Miaka miwili nilichanwa na mama yangu, mtu mzima mimi. Ndiyo maana simpi mtu fidla aende nayo nyumbani akajivunje. Fidla haibanwi, hulazwa. Bega lako likishuka, nitakupa. Lisiposhuka, sitakupa, hata tupendane vipi."

"Litashuka," akasema Bi Subiri.

Halikushuka. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne, kila alipoweka fidla bega lilipanda lenyewe kuifuata, kama mlinzi aliyeambiwa asimame kila bosi akipita. Akiambiwa alishushe analishusha, na mara tu upinde, kile kijiti cha kuipigia fidla, ukigusa uzi, linapanda tena. Na bega likipanda, mkono wa kulia nao ulikaza kwa kulihurumia, upinde ukakwama, sauti ikatoka kama mlango wa kabati bovu. Kinyozi, aliyezoea kunyanyua mikono juu ya vichwa vya watu bila kukaza, alikuwa tayari anavuta upinde kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwa na maringo. Alimletea maji, akamwambia, "Pole, dada. Mimi bega langu halina akili, ndiyo maana linasikia."

Nyumbani, dada yake alimsugua shingo kwa mafuta ya moto. Vidole vile vilivyopokea watoto wa watu vilizama kwenye nyama ya bega, vikatafuta, vikakosa njia.

"Huyu mtoto amekaa vibaya," akasema dada.

"Mgeuze."

"Miaka ishirini na sita ya mimba! Nimgeuze na nini, jeki ya lori?" Lakini aliendelea kusugua, na walipomaliza akafuta mikono, akasema kwa upole usio wake, "Unaumia sana?"

"Siumii. Nimechoka tu."

Wiki ya tano mwalimu alimwambia ukweli ambao alikuwa ameuona muda mrefu. "Hapa unalishusha kwa saa moja na nusu. Kazini unalipandisha saa tisa. Mimi siwezi kushindana na ofisi yako. Ukitaka bega, lichukue na kule." Akampa kiberiti kitupu. Akiweka kile kiberiti juu ya bega akiwa kazini, na simu aishike kwa mkono, kiberiti kikianguka atajua bega limepanda.

Basi Jumatatu Bi Subiri akaketi kwenye kiti chake na kiberiti begani. Dereva wa kwanza kuingia alisimama mlangoni akapiga saluti.

"Hongera, afande! Nyota moja tayari? Tutakuona na fimbo lini?"

"Toka hapa. Gari lako liko wapi?"

"Lipo, afande. Linasubiri amri."

Wakaja na wengine, kila mmoja na yake, na mmoja akaleta kiberiti cha pili ili, eti, apande cheo mabega yote. Siku ya kwanza kiberiti kilianguka mara arobaini na moja. Siku ya pili, thelathini na tano. Alikiokota kila mara, akakirudisha. Mwisho wa wiki ya saba kilikuwa kinaanguka mara kumi, na siku ya Jumamosi ile aliweka fidla kwenye mtulinga, upinde ukagusa uzi, na bega likakaa chini kwa pumzi mbili nzima. Mwalimu aliinua kidole mtu yeyote asiongee. Kisha likapanda. Lakini lilikuwa limekaa.

Tatizo likawa meza. Mkono wa kushoto ukishika simu, hakuna wa kushika daftari. Daftari likawa linateleza, naye akiliwahi kwa kiwiko huku anaandika. Simu mbili zikilia, anaacha moja. Wateja wakaanza kulalamika kwamba pale hapapokelewi. Na wiki ya tisa, Alhamisi asubuhi, daftari liliteleza katikati ya maneno, kalamu ikaruka mstari, na mahali pa kwenda pa malori mawili pakabadilishana. Hakuona. Saa nane mchana simu zote mbili zikalia. Kwenye jengo la hoteli lililokuwa linamaliziwa walikuwa wamepokea magunia mia mbili ya chakula cha kuku. Na mwenye shamba la kuku, ambaye vifaranga wake elfu tatu walikuwa hawajala tangu jana, alikuwa amesimama mbele ya lundo la vigae vya bafuni, vya bluu, vizuri sana.

"Mwambie bosi wako," alisema mwenye shamba, "kuku zangu hazihitaji kuoga!"

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwembamba aliyechoka naye kwa njia yake, na shati lake lilikuwa na alama ya kalamu mfukoni. Alifunga mlango, akaketi kwenye ukingo wa meza, meza ikayumba, akasimama tena.

"Miaka ishirini na sita hujawahi kunikosea mzigo," akasema. "Hata ulipofiwa na mume. Sasa nasikia una kiberiti begani. Nakuuliza kama kaka yako, dada, kuna nini?"

Alimweleza. Alimweleza vibaya, kwa maneno yaliyokosa mpangilio, fidla, mtulinga, wiki kumi na mbili. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe aliona linasikika jambo la kitoto.

"Naelewa," akasema meneja, na ilionekana wazi kwamba haelewi. "Lakini kiti hiki kinataka mtu wa kushika simu na kuandika kwa wakati mmoja, kama ulivyokuwa ukifanya. Rudi kufanya vile vile, mambo yaishe. Kama huwezi, sina la kufanya ila kukupeleka getini."

Getini maana yake ni kibanda cha mabati kwenye lango la malori. Unasimama na ubao mkononi, unaandika namba za magari yanayoingia na kutoka, vumbi na moshi ni vyako, kiti kimoja na hakina mgongo. Hupelekwa huko vijana wanaoanza, na wazee waliokosea. Mtu wa ofisini kupelekwa getini ni kuambiwa jambo bila kuambiwa.

Bi Subiri alikitazama kiti chake. Mto wake mwenyewe aliushona mwaka ule mume alipokufa. Feni ilikuwa inamgeukia, inaondoka, inamgeukia. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kupapenda mahali palipomkunja. Alifikiria kulipandisha bega tena, na akatambua kwamba ingekuwa rahisi mno, lingepanda hata bila kuombwa. Hilo ndilo lililomtisha.

"Nipeleke getini," akasema.

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Getini hakuna simu."

Dada yake aliposikia aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema, "Umeacha kiti."

"Nimeacha."

"Kwa ajili ya kitu usichojua kukipiga."

"Ndiyo, dada."

"Haya. Lete miguu niikande, maana kuanzia kesho ndiyo itakayolia." Na kweli ililia. Wiki ya kumi na ya kumi na moja Bi Subiri alirudi nyumbani amevimba vifundo vya miguu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, na hamu ya kulala kabla ya kula. Madereva walipompita langoni hawakumtania tena. Walimwamkia kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko utani. Mazoezini alifika akiwa mtupu kabisa, hana nguvu hata ya kukaza kitu. Mara nyingine mwalimu alimwacha asimame tu dakika kumi, mgongo na visigino vikigusa ukuta, macho yamefumbwa. Hakujua kama anajifunza au anasinzia.

Siku ya mwisho mtihani ulikuwa mfupi. Kila mtu asimame peke yake, aweke fidla, avute upinde kutoka mwanzo hadi mwisho mara kumi juu ya uzi mmoja, bila wimbo. Kinyozi alitangulia akafaulu, akasujudia kitambi chake kwa mzaha. Wa pili akafaulu. Wa tatu kifundo cha mkono wake wa kushoto kilijikunja kwa ndani mara kwa mara, mwalimu akatikisa kichwa, na mtu yule akairudisha fidla kabatini mwenyewe, akaaga.

Bi Subiri akasimama. Aliachanisha miguu, na miguu ikamshukuru kwa kuuma. Akaiweka fidla juu ya mtulinga. Kichwa kikageuka kidogo, kidevu kikashuka. Upinde ukagusa uzi.

Mara ya kwanza, bega chini. Ya pili, chini. Sauti ilikuwa nene, na ya mchanga mchanga, ila ilikuwa sauti. Ya tatu, ya nne, ya tano. Alikuwa haufikirii ukumbi. Alikuwa anafikiria jinsi alivyochoka, na jinsi uchovu ule ulivyokuwa unateremka kwenye mkono kama maji kwenye bomba. Ya sita. Ya saba, sauti ikaanza kupendeza, akaisikia inapendeza, akaitaka. Na hapo hapo bega likaanza kunyanyuka kwenda kuipokea.

Aliinua upinde, akausimamisha.

"Limepanda," akasema.

"Sijaliona," mwalimu akasema.

"Limeanza. Mimi nimelisikia." Akateremsha fidla. Alisimama mikono chini, akapumua. Hakuna aliyemharakisha.  Bi Subiri akangoja mpaka bega likakaa lenyewe, bila kusukumwa, kisha akairudisha fidla mahali pake. "Naanza tena ya kwanza," akasema, na akavuta kumi. Hazikuwa nzuri zote. Ya nne ilikwaruza. Bega halikupanda.

Mwalimu hakusema umefaulu. Alikwenda kabatini, akatoa sanduku la fidla lenye kishikio kilichofungwa kwa kamba, akaliweka mezani na kulifungua.

"Kila jioni dakika kumi na tano, zisizidi," akasema. "Ukihisi limepanda, acha kama ulivyoacha leo. Na funga vifungo vyote viwili vya sanduku, hiki cha kushoto hufunguka njiani."

Bi Subiri alitembea mpaka nyumbani, hakuwa na haraka wala nguvu za kuwa na haraka. Sanduku lilikuwa jepesi kuliko alivyotazamia, lakini alibadilisha mkono kila baada ya nguzo chache. Dada yake alikuwa mlangoni, anajifanya anafagia.

"Umerudi nayo?"

"Nimerudi nayo."

Dada akaacha ufagio. Aliichukua ile fidla na sanduku lake kwa mikono miwili, akaipeleka ndani, akaitafutia mahali, akaiweka juu ya kabati, akaitoa, akaiweka kitandani kwa mdogo wake.

"Haya, piga tusikie hicho kilichokuondoa kwenye feni."

"Dada, nimechoka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kesho."

"Basi kesho," akasema dada, akaenda kuchemsha maji ya miguu.